Mashine ya Kucha Haitaki Pupa

"Dada, naangalia nyumba ya wageni hapa Kendwa. Tajiri wangu amesafiri, ameniachia mbwa wawili wa ulinzi na mashine ya kusagia kucha zao. Wakipita kwenye vigae ni kakaka mchana kutwa. Naogopa kuwaumiza, tena kwetu mbwa ni najisi. Nifanyeje?"

Mdogo wangu wa Kendwa, salamu zimefika. Hiyo kakaka ndiyo dalili yenyewe: kucha zimepita kiasi. Mbwa akisimama sawasawa, kucha hazitakiwi kugusa sakafu. Zikigusa, kila hatua zinamsukuma kidole juu, na mwisho wake anaumwa viungo. Mbwa wa kuzurura hana shida hiyo, maana mawe na barabara humsagia bure. Hao wako wanashinda kwenye mchanga laini na veranda, basi ukucha utaisha kwa kitu gani?

Tulimalize kwanza la dini, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wametajwa kuruhusiwa, na wanazuoni wengi wamemuingiza humo wa kulinda nyumba. Kwa sisi Mashafi, palipogusana na mbwa kwa unyevu huoshwa mara 7, moja yake kwa udongo. Kikavu kwa kikavu hakiambukizi najisi. Kwa hiyo mbwa akitoka baharini muoshe chumvi na mchanga kwa mpira wa maji ukiwa mbali naye, muache akauke kabisa, ndipo uanze. Vaa glavu, tenga kanga kuukuu ya kazi hiyo tu, na vaa barakoa na miwani, kwani vumbi la kucha linaruka. Lililobaki la tohara muulize ustadhi wa mtaani kwenu.

Haya, mashine. Soma maandishi yake kabla hujaichomeka. Umeme wetu ni volti 230. Ikiwa imetoka Marekani na imeandikwa 120 peke yake, utaiunguza. Iliyoandikwa 100 mpaka 240 haina neno. Angalia pia ni mashine ya namna gani. Zile za mafundi, kama Dremel, nyingine hufika mizunguko 35,000 kwa dakika. Hiyo ni kazi ya mbao na chuma. Kwa ukucha weka mwendo wa chini kabisa, na kichwa cha msasa laini.

Siku za mwanzo usisage kitu. Mshike mguu, mpe kipande cha samaki, muachie. Kesho yake iweke mashine karibu ikiwa imezimwa, ainuse. Halafu iwashe ukiwa mbali kidogo, asikie mlio huku anakula. Akizoea, mguse ukucha kwa upande wa mashine usiozunguka, asikie ule mtetemo. Wanaorukia kusaga siku ya kwanza ndio wanaokuja kuniambia mbwa akiiona mashine anaingia chini ya kitanda.

Siku ya kusaga, funga nywele zako vizuri na usiache ushungi unaning'inia. Kama mbwa ana manyoya marefu vidoleni, yarudishe nyuma kwa mkono, maana mashine huyasokota. Pekua na katikati ya vidole, kupe hupenda kujificha humo. Shika kidole kimoja imara bila kukibana. Gusa ncha ya ukucha sekunde moja au mbili, ondoa, gusa tena. Ukigandisha msasa mahali pamoja ukucha unapata moto, na hapo ndipo mbwa anapovuta mguu.

Ndani ya ukucha kuna nyama hai yenye mshipa wa damu. Ukucha mweupe utaiona, ni ile rangi ya waridi. Mweusi hauonyeshi, kwa hiyo kila ukisaga kidogo utazame uso wa ncha. Mwanzo ni unga mkavu wa kijivu. Pakitokea kidoa cheusi katikati, chenye kung'aa kama kina maji, acha hapo hapo. Usitake kuufupisha wote siku moja. Ukisaga kidogo kila wiki, ile nyama hurudi nyuma yenyewe. Na usiusahau ukucha wa pembeni, juu ya miguu ya mbele: haugusi chini, ukiachwa hujikunja ukamchoma.

Damu ikitoka usipige kelele. Bonyeza kwa kitambaa safi chenye unga wa mahindi kwa dakika chache, itakata. Ikigoma, daktari wa mifugo.

Mbwa akikaza mwili, akikutolea jicho jeupe au akinguruma, zima mashine. Usimlazimishe, usiite kijana wa kukusaidia kumkandamiza. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Mshahara wa kuangalia nyumba hauna posho ya kung'atwa, mdogo wangu. Mpigie tajiri wako leo akutumie kadi za chanjo za hao mbwa na namba ya daktari wao. Kabla hujavipata, mashine ibaki kabatini.