Banda la Mbao Uwanjani: Mambo ya Kuamua Kabla ya Kununua Ubao wa Kwanza

Mtoto wa Kibera au Kawangware hucheza popote anapopata nafasi: kichochoroni, kando ya reli, kwenye uwanja wa shule ukiwa wazi. Viwanja vya umma ni vichache na kila kipande kinamezewa mate. Ndiyo sababu kiwanja kimoja kikitengwa kwa mapumziko, jambo la kwanza wakazi huomba ni kivuli, yaani banda ambapo mama ataketi akimwangalia mtoto, wazee watafanyia baraza na mgeni atajikinga mvua.

Banda la mbao linafaa kazi hiyo. Maseremala wako mtaani, vifaa vinabebeka hata pale ambapo lori halifiki, na ubao mmoja ukiharibika hubadilishwa bila kubomoa jengo lote. Lakini banda hilo hilo likikosewa mwanzoni huanza kuoza miguuni mapema, na fedha za umma huwa zimepotea. Somo hili linaeleza maswali ambayo mkazi anapaswa kuuliza mchoro wa banda unapoletwa mbele yake.

Funzo kutoka kando ya Mto Ngong

Mwaka 2006 wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walianzisha shirika la Kounkuey Design Initiative, linalojulikana kwa kifupi kama KDI. Eneo lao la kwanza Kibera lilikuwa kando ya mto, karibu na Bwawa la Nairobi, mahali palipokuwa jaa la taka na palipofurika maji wakati wa mvua.

Kazi haikuanza na mchoro. Ilianza na vikao na wakazi kuhusu shida zao. Kilichojengwa baadaye kilijibu mambo kadhaa kwa pamoja: banda la mikutano, uwanja wa watoto, daraja, vibanda vya biashara, na kuta za mawe yaliyofungwa ndani ya nyavu za waya ili kuzuia mto usile ukingo. Kikundi cha wakazi kilipewa jukumu la kusimamia eneo, na mapato ya shughuli zake yakasaidia kulitunza. Mradi ulikua, na leo kuna maeneo mengine ya aina hiyo Kibera.

Funzo lake ni hili: banda hudumu likiwa limekingwa na maji na likiwa na mwenyewe. Mengine yote hufuata hayo mawili.

Kwanza, maji yanapita wapi?

Kibera ina Mto Ngong, ambao sehemu yake ya juu huitwa Motoine na hupitia Msitu wa Ngong Road kabla ya kufika mtaani. Mto Nairobi nao hutoka kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ukapita upande wa Dagoretti na Kawangware ukielekea mjini. Mvua kubwa ikinyesha huko juu, mtaa wa chini hupokea maji hata kama kwake kumenyesha manyunyu tu.

Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, Serikali iliamuru waliokuwa wakiishi ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito kuhama. Banda la umma nalo halifai kuwekwa pale ambapo mwananchi ameambiwa si salama. Waulizwe wakazi wa siku nyingi: mwaka ule wa mafuriko, maji yalifika wapi? Alama hiyo ipimwe na iandikwe kwenye mchoro.

Swali la pili ni udongo. Upande wa Kawangware na Dagoretti udongo mwingi ni mwekundu. Sehemu nyingine za Nairobi zina udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na msingi usio na kina cha kutosha huyumba nao. Karibu na mito ya Kibera kuna mahali ambapo ardhi yenyewe ni takataka zilizojazwa kwa miaka mingi. Mashimo ya majaribio yachimbwe kabla ya mhandisi kuamua kina cha msingi.

Pili, jua na upepo

Nairobi iko nyuzi moja na kidogo kusini mwa Ikweta. Adhuhuri jua huwa karibu utosini, na paa la kawaida latosha kuleta kivuli. Shida huwa asubuhi na alasiri, jua linapoingia kwa ubavu. Kwa hiyo pande ndefu za banda zielekezwe kaskazini na kusini, na pande fupi mashariki na magharibi. Zikigeuzwa, watu watahamisha viti kila alasiri wakifuata kivuli.

Upepo nao una hila yake. Banda lisilo na kuta hupigwa na upepo kutoka chini ya paa, na mabati huinuliwa kama mwavuli. Misumari pekee haitoshi. Mapao yafungwe kwenye kenchi, kenchi kwenye boriti, boriti kwenye nguzo, na nguzo kwenye msingi, kwa boliti na vipande vya chuma. Kati ya nguzo na boriti kuwe na mbao za mshazari: umbo la pembetatu halikunjiki kirahisi, lakini pembe nne bila mshazari hulala upande.

Tatu, mbao na adui zake

Kuvu wanaoozesha mbao huhitaji unyevu. Ubao uliokauka hadi unyevu wake ukawa chini ya asilimia 20, ukabaki hivyo, hauozi. Kwa hiyo kazi kubwa ya msanifu ni kuuweka ubao mkavu:

1. Nguzo isizikwe udongoni wala ndani ya saruji. Isimame juu ya kiatu cha chuma kilichofungwa kwenye kitako cha zege, sentimita 15 au zaidi kutoka ardhini. Hapo maji hayatuami mguuni, na njia ya mchwa huonekana kabla hawajafika kwenye mbao.

2. Paa litokeze nje ya nguzo angalau sentimita 60, na zaidi upande unaopigwa na mvua ya upepo.

3. Kuzunguka banda kuwe na mtaro na kokoto, ili matone yasirushe matope kwenye nguzo.

4. Ncha za mbao zinazotazama juu zikatwe kwa mteremko au zifunikwe kwa bati.

Mbao za saipresi na paini zinapatikana kwa urahisi, lakini zikikaa nje zinahitaji kutiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo, ili dawa iingie ndani. Kupaka oili chafu ya gari si tiba. Hubaki juu juu na huchafua udongo na maji.

Hapa kuna onyo la usalama. Mbao na nguzo nyingi zilizotiwa dawa huwa na shaba, kromiamu na aseniki. Vipande vinavyobaki baada ya ujenzi visichukuliwe kuwa kuni wala visichomwe kwenye jaa. Moshi na majivu yake ni sumu. Mkataba wa ujenzi useme wazi kwamba mkandarasi ataondoa mabaki yote.

Nne, paa lilete faida

Tuseme paa lina mita 6 kwa mita 10, yaani mita 60 za mraba. Kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 10 basi huleta takriban lita 600, sawa na mitungi 30 ya lita 20, ukiacha kiasi kidogo kinachopotea. Maji hayo yatamwagilia miti na kuosha sakafu. Tangi lisipowekwa, hayo hayo yatachimba shimo kando ya msingi.

Tano, kila mtu aingie

Kiti cha magurudumu hakipandi ngazi. Njia ya mteremko isizidi kimo kimoja kwa urefu wa kumi na mbili: sakafu ikiwa sentimita 30 juu ya ardhi, njia iwe na mita 3.6 au zaidi. Banda liwe wazi kiasi kwamba anayepita nje humwona aliye ndani. Taa na kona zisizo na maficho huwalinda wanawake na watoto kuliko lango lenye kufuli.

Sita, nani atalitunza?

Swali hili lijibiwe kabla ya msingi kuchimbwa. Kamati iwe na majina, zamu ya usafi, daftari la fedha lililo wazi, na siku mbili za ukaguzi kwa mwaka: kabla ya mvua ya Machi hadi Mei, na kabla ya ile ya Oktoba hadi Desemba. Boliti zikazwe, mitaro izibuliwe, mbao zigongwe kusikiliza kama zimeanza kuwa mvungu. Banda lisilo na mwenyewe hung'olewa ubao mmoja mmoja.

Inafaa pia viungo viwe vya boliti vinavyofunguka. Mwaka 2015 wasanifu wa SelgasCano walijenga banda katika jumba la makumbusho la Louisiana, Denmark. Lilifunguliwa vipande, likasafirishwa na kujengwa upya Kibera kuwa shule ya Kibera Hamlets. Mahali ambapo barabara au mto unaweza kudai nafasi yake, jengo linalohamishika haliwi hasara.

Wakati wa kusema

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka bustani na vifaa vya burudani chini ya serikali za kaunti, na Katiba hiyo hiyo inampa mkazi haki ya kushirikishwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufikishwe katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Pendekezo linaloletwa baada ya hapo mara nyingi husubiri mwaka mwingine. Wakazi wa Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe, Woodley, Kawangware, Gatina na Kabiro wanahimizwa kufika kwa msimamizi wa wadi mapema na kuuliza tarehe za vikao.

Maswali ya kujadili katika baraza

- Katika wadi yetu, ni kiwanja gani cha umma ambacho mpaka wake umepimwa na kuandikwa?
- Mafuriko ya 2024 yalifika wapi kwenye kiwanja hicho?
- Ni nani kati yetu atakayeshika daftari la banda, na nani atamkagua?

Kikao kinachoweza kujibu maswali hayo matatu kiko tayari kuitisha mchoro.