Lengo la vitabu 60 limenifanya mwongo

Shangazi,

Mimi ni mtumishi wa umma, nina miaka 29, naishi Ilazo hapa Dodoma, na ofisi yetu iko Mji wa Serikali, Mtumba. Tuko marafiki watano, wengine tulisoma pamoja Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Kinachotuunganisha ni riwaya za fantasia na za kisayansi: mazimwi, wachawi, sayari za mbali, roboti, vyote. Kila Januari tunatajiana idadi ya vitabu tutakavyosoma mwaka huo na kuiandika kwenye grupu letu la WhatsApp. Atakayeshindwa anawanunulia wenzake chakula cha jioni mwezi Desemba.

Mwaka jana niliahidi 30 nikafikisha. Mwaka huu mwenzetu mmoja alitaja 70, nami nikaona aibu, nikasema 60. Sasa ni Septemba na nina 22. Na katika hivyo 22, Shangazi, vitatu sikuvisoma. Nilisoma sura za mwanzo, nikatafuta muhtasari mtandaoni, nikaandika "nimemaliza". Jumamosi iliyopita tulikutana Nyerere Square, rafiki yangu akaanza kuchambua mwisho wa kimojawapo, akaniuliza nimeuonaje. Nilijibu maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Jambo la pili: nilitaka kuongeza Kusadikika na vingine vya Kiswahili ili nizibe pengo. Wenzangu wakakataa. Wanasema hivyo ni vitabu vya shule, si fantasia, havihesabiki. Nishushe lengo, nijitoe kwenye grupu, au nikazane usiku na mchana mpaka Desemba?

Mwenye Deni la Kurasa,
Ilazo, Dodoma

Mwanangu,

Tuanze na vile vitatu, maana ndivyo vinavyokunyima usingizi. Vifute leo. Andika kwenye grupu kwamba idadi yako ni 19, na kwamba vitatu uliviandika hujavimaliza. Sentensi mbili zinatosha. Usisingizie kazi, usisingizie mtandao, wala usingoje mkutane ana kwa ana, kwa sababu ukingoja utaanza kupamba maelezo. Kisha mtafute peke yake yule rafiki aliyekuuliza pale Nyerere Square. Huyo hakuwa anakukagua. Alikuwa amemaliza kitabu kikamgusa, akatafuta mtu wa kugawana naye furaha hiyo, akadhani amempata. Mwombe wiki mbili, ukisome chote mpaka ukurasa wa mwisho, halafu mkae mzungumze. Usihofu kwamba muhtasari umekwishakuonyesha mwisho. Tumekua tukisikiliza hadithi za sungura na fisi huku tukijua tangu mwanzo kwamba fisi ataumbuka, na bado tulimsihi bibi arudie.

Na kuanzia sasa, kitabu kisichokuvutia kiache bila kuona haya. Kuacha kitabu ni haki ya kila msomaji. Kosa lako lilikuwa kuandika kwamba umekimaliza.

Sasa hiyo 60. Ukigawa siku za mwaka, ni kitabu kimoja kila baada ya siku sita, Januari hadi Desemba, bila kupumzika. Mwaka gani huo, mwanangu? Wewe uko Dodoma. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge la Bajeti limekaa, na mtumishi wa wizara anajua maana yake: majibu ya wabunge yanatakiwa asubuhi, taarifa zinaandikwa upya usiku, Jumamosi inageuka siku ya kazi. Kabla ya hapo, Desemba hadi Aprili, ni msimu wetu mmoja tu wa mvua, na kama kwenu kuna shamba la uwele au alizeti huko Bahi au Chamwino, mwisho wa juma wako umeshapangiwa. Ongeza misiba, ongeza harusi na vikao vyake. Ile 60 uliichukua mdomoni mwa mwenzako, hukuitoa kwenye mwaka wako. Huyo wa 70 mwache na 70 yake. Wapo watu wasomao haraka na wakaelewa, na si wewe wa kumpima.

Lakini hata mtu mwenye muda wote duniani, mimi nisingemshauri apime fantasia kwa idadi ya vitabu. Tazama hesabu yenyewe inavyodanganya. Binti ya Nnedi Okorafor, iliyotoka 2015 na kushinda tuzo za Hugo na Nebula, haifiki kurasa mia. The Way of Kings ya Brandon Sanderson, ya mwaka 2010, inapita kurasa elfu moja. Kwenye grupu lenu kila kimoja kinaandikwa 1. Mtu mwenye deni atachagua nini? Hebu pitia orodha yako ya 19 ujiulize ni vingapi ulivichukua kwa sababu vilikuwa vyembamba, na ni vingapi vinene ulivyovitamani miaka yote umeviweka kando kwa kuwa vitakuchelewesha. Nadhani jibu litakuuma kuliko ile aibu ya Jumamosi.

Riwaya za aina hii zina hulka yake. Msomaji anaingia nchi asiyoijua kama mgeni aliyeshuka stendi usiku: hajui majina, hajui mila, hajui uchawi wa huko una masharti gani wala nani anamwogopa nani. Kurasa za mwanzo ni za kupotea. Ni lazima urudi nyuma, uangalie ramani, umuulize mwenzio huyu alikuwa mtoto wa nani. J.R.R. Tolkien aliiandika The Lord of the Rings kwa takriban miaka kumi na miwili, kuanzia 1937, na ilipotoka mwaka 1954 na 1955 ilikuwa na lugha, nasaba na kalenda zake. Ukiipitia mbio kwa sababu Desemba inakaribia, umepita barabarani tu. Nyumbani kwa watu hukuingia.

Kwa hiyo usijitoe kwenye grupu. Kupata watu wanne wa kuzungumza nao habari za nchi zisizokuwepo ni bahati kubwa, usiitupe kwa ajili ya tarakimu. Chakula cha Desemba kinunue kwa moyo mweupe, ulishaahidi. Ila Januari ijayo peleka pendekezo jipya: badala ya kutaja idadi, kila mmoja ataje vitabu kwa majina. Wewe, kwa mwaka wako ulivyo, ningekupangia hivi: kitabu kimoja kinene ukianze Julai bajeti ikishapita, kiangazi chote ni chake, vichache vya wastani, kimoja cha kurudia, ambacho ulikisoma ukiwa chuoni na unataka kuona kama bado kinakushika, na kimoja ambacho mwenzako amekuchagulia wewe usingekigusa. Miezi ya Bunge soma hadithi fupi, usome mojamoja, ulale.

Ukiona lazima uwe na namba, hesabu kurasa. Kurasa 20 kwa siku, kwa siku 300 tu za mwaka, ni kurasa 6,000. Siku 65 zilizobaki ni za bajeti, shamba na matanga. Kurasa 6,000 ni nyingi. Wasomaji wengi ninaowafahamu wangeziona ni utajiri.

Nimekuja kwenye swali lako la pili, na hapa nawapinga wenzako waziwazi.

Wanasema Kusadikika ni kitabu cha shule. Ni kweli kimesomwa shuleni, tena kwa namna inayochosha, mwanafunzi akitafuta dhamira na wahusika wa kujibia mtihani. Mtihani haubadilishi kilichomo. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa 1951, ni habari za nchi inayoelea angani. Karama anashitakiwa kwa kutaka kufundisha watu sheria, na katika kesi ya siku sita anawaeleza watu wa baraza habari za wajumbe waliotumwa nchi nyingine, kila mjumbe na upande wake, wakarudi na mawazo mema wakaishia kuadhibiwa. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni alipoyaandika hayo. Asingeweza kuwaambia wakubwa wake machoni kwamba watu wananyimwa haki ya kusema, kwa hiyo akainyanyua nchi nzima akaiweka angani. Kama hiyo si fantasia, basi wenzako wanieleze fantasia ni nini.

Tena mtu huyu si mgeni wa mkoa wenu. Katikati ya miaka ya 1940 alikuwa karani Mpwapwa, katika idara ya mifugo, kabla ya kurudi Tanga mwaka 1946. Mwaka huohuo wa 1946 ndio alioandika Kufikirika, nchi nyingine isiyo kwenye ramani, ambamo mfalme na malkia wanatafuta mtoto kwa waganga na watabiri wa kila aina. Hakukiona kimechapwa: alifariki 1962 na kitabu kikatoka 1967. Mtumishi wa umma, aliyewahi kukaa mkoa wa Dodoma, akibuni falme kichwani baada ya saa za ofisi. Nadhani wewe wa Mtumba unamwelewa kuliko mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu. Na ukitaka majini na watu waliogeuzwa manyani, kuna Adili na Nduguze, ya 1952.

Wala hayakuishia kwake. Katama Mkangi wa Kenya alitoa Walenisi mwaka 1995: Dzombo anahukumiwa kufa kwa kurushwa angani ndani ya chombo, na badala ya kufa anatua kwenye sayari ambako watu wamejipangia maisha kwa usawa. Wenzako wanaompenda Ursula Le Guin wakisome pembeni ya The Dispossessed ya 1974, waone waandishi wawili wasiofahamiana wakipeleka swali lilelile anga za juu. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka, anamtoa babu kaburini aje kumhoji mjukuu mwenye cheo na mali. Na Euphrase Kezilahabi aliandika Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu viwili vyembamba, lakini vigumu kuliko vyote nilivyotaja hapa vya Kiswahili. Nagona usiisome kwa siku sita. Isome polepole, sura moja kisha uiache ikae, na usione vibaya ukirudi mwanzo. Kwa mtindo wenu wa sasa ingekupa 1 tu, sawa na kitabu cha kusomea kwenye daladala.

Nilivyokusoma, ulitaka kuviongeza hivi ili kuziba pengo, na hapo wenzako walikuwa na haki kidogo ya kukutilia shaka. Usiviombe kama nyongeza ya dharura. Ukishafuta vile vitatu, waombe kitu kimoja: mwezi Oktoba wote watano msome Kusadikika, kila mtu nakala yake. Ulizieni kwanza maktaba ya mkoa hapo mjini kabla ya kwenda dukani. Ni chembamba, hata mwenye 70 hakitamrudisha nyuma. Kutaneni Jumamosi moja, muanze na siku ya kwanza ya kesi ya Karama mpaka ya sita, na mkimaliza ndipo mpige kura kama kinahesabika.

Shangazi