Nahodha Kidd na Mkuu wa Mizinga

Mtu akisimama juu ya rasi ya Bangwe, upande mmoja huona ghuba ya Kigoma, na upande wa pili pwani iendayo Ujiji. Mbele yake ni ziwa tupu, na siku isiyo na ukungu huiona milima ya Kongo ng'ambo. Wavuvi hutoka jioni, mwezi usipokuwapo, kwenda kuvua dagaa kwa taa, na katika kila chombo yuko mmoja ambaye neno lake hufuatwa. Yeye ndiye asemaye, "Twende," au, "Turudi, upepo unakuja." Wengine humtii, kwa maana wanamjua tangu utoto, na baba zao walimjua baba yake. Lakini wakimwona hana akili ya maji, asubuhi watashuka pwani, na jioni hawaonekani tena chomboni mwake.

Mwaka 1858 Wazungu wawili, Burton na Speke, walipata mitumbwi miwili hapo Ujiji, wapate kwenda kaskazini wakauone mto Rusizi. Mkubwa wa wapiga makasia alikuwa Kannena, jumbe wa Kawele. Walipofika Uvira, Kannena na watu wake wakakataa kwenda mbele, kwa kuwaogopa wenyeji wa huko. Burton alikasirika sana, wala hakuwa na la kufanya. Mitumbwi ikageuzwa, wakarudi. Hayo yaliwezekana kwa sababu nchi kavu ilikuwa karibu, na kila mpiga kasia aliijua njia ya kwao.

Mabaharia wa bahari kuu hawana nafasi hiyo. Somo hili ni habari ya baharia mmoja ambaye hakumwamini nahodha wake, naye hakuwa na pwani ya kushukia.

Jina lake aliitwa William Moore. Alikuwa mkuu wa mizinga katika merikebu ya Adventure Galley. Kazi hiyo haikupewa mtu mgeni wa bahari. Mkuu wa mizinga huilinda baruti isilowe wala isishike moto, huwafundisha wenzake kulenga shabaha merikebu ikiyumba, na siku ya vita wote humtazama yeye. Kwa hiyo neno la mtu kama huyo, hata likiwa la kunung'unika, husikiwa mbali kuliko neno la mpishi.

Nahodha alikuwa William Kidd, Mskochi aliyekaa New York. Mwaka 1695 wakubwa fulani wa Uingereza walitoa fedha ikaundwa merikebu mpya ya kuwasaka maharamia wa Bahari ya Hindi. Ilikuwa na mizinga 34, na zaidi ya matanga ilikuwa na makasia 46, ili iweze kwenda hata upepo ukilala. Ninyi mnaojua uzito wa kasia moja, fikirini merikebu nzima ikivutwa kwa makasia katika jua la mchana! Kidd alipewa barua mbili za mfalme: moja ya kuwakamata maharamia, na ya pili ya kuziteka merikebu za Wafaransa, kwa kuwa Uingereza na Ufaransa walikuwa katika vita.

Lakini katika mapatano ya safari palikuwa na neno moja baya, nalo ndilo lililozaa mengine yote. Mabaharia hawakuwa na mshahara. Wakiteka kitu, watagawana. Wasipoteka, hawapati hata senti. Tena Kidd alipokuwa bado katika mto Thames, askari wa manowari walimnyang'anya watu wake wengi wazuri, ikambidi ajaze nafasi zao kwa watu aliowapata, na wengi katika hao walikuwa wameonja uharamia zamani. Kidd mwenyewe aliwajua watu wa namna hiyo. Mwaka 1690, huko visiwa vya Karibi, alishuka pwani, na mabaharia wake wakaondoka na merikebu yake wakamwacha amesimama mchangani. Mmoja wao aliitwa Robert Culliford. Lishikeni jina hilo.

Mwezi wa Machi, 1697, walifika visiwa vya Komoro, ambako watu wa Pwani yetu wameendea tangu kale kwa majahazi. Katika kisiwa cha Mwali waliipandisha merikebu nchi kavu, ili waisafishe tumbo na kuikalafati. Hapo ugonjwa ukaingia, na katika juma moja walikufa kama watu 50. Waliobaki walizika wenzao, wakarudi chomboni na mifuko mitupu kama walivyokuja.

Kutoka hapo nahodha aliwapeleka hata Bab-el-Mandeb, mlango wa Bahari ya Sham. Wenye akili walijiuliza, Tunafanya nini hapa? Kwani maharamia hawakuonekana, wala Wafaransa. Zilizopita zilikuwa merikebu za biashara na za mahujaji zitokazo Mokha kwenda Bara Hindi. Mwezi wa Agosti Kidd alizifuata, lakini merikebu kubwa ya Kiingereza iliyozilinda ikampigia mizinga, akakimbia. Baadaye, karibu na pwani ya Bara Hindi, alisimamisha chombo kidogo chenye bendera ya Kiingereza, akawanyang'anya watu wake vitu vyao; baadhi yao walipigwa wapate kusema fedha ziko wapi. Basi mkono umekwisha kuingia katika mtungi wa watu. Lakini ilipotokea merikebu nyingine, jina lake Loyal Captain, iliyokuwa na mali nyingi zaidi, na mabaharia walipotaka kuiteka, nahodha alikataa, akasema yeye si haramia.

Hapo ndipo mtu mzima huanza kutomwamini mkubwa wake. Moore hakuwa mtu mwema. Alitaka merikebu ile itekwe, na tusimfanye shujaa. Lakini aliona jambo la kweli: nahodha yule alikuwa na nyuso mbili. Hakuwa mwaminifu kwa mfalme hata awe na heshima, wala hakuwa haramia hata wawe na mali. Na wao waliomfuata walikuwa wakifa kwa homa na njaa kwa ajili ya mtu asiyejua mwenyewe anakwenda wapi.

Tarehe 30 Oktoba, 1697, Moore alikuwa juu ya sitaha akinoa patasi. Kidd akamwendea, wakabishana tena kwa habari ya ile merikebu waliyoiacha. Nahodha akamwita mbwa mchafu. Moore akajibu kwamba, ikiwa yeye ni mbwa, nahodha ndiye aliyemfanya kuwa hivyo, tena amemwangamiza yeye na wengi pamoja naye. Kidd akaenda huko na huko kwa hasira, akashika ndoo ya mti yenye pete za chuma, akampiga nayo kichwani. Moore akachukuliwa chini kwa mganga, na siku ya pili akafa. Mganga huyo, Bradinham, alishuhudia baadaye ya kuwa nahodha hakuogopa neno hilo, kwa sababu alisema ana rafiki wakubwa Uingereza watakaomwokoa.

Mabaharia hawakusema kitu. Waliendelea kuvuta makasia, nao walikuwa wameona.

Mwezi wa Januari, 1698, Kidd aliteka merikebu kubwa, Quedagh Merchant, yenye hariri, nguo, sukari na kasumba. Merikebu hiyo ilikuwa na hati ya Wafaransa, naye alifikiri hati hiyo itamtetea. Akaenda kisiwa cha Sainte-Marie, karibu na Bukini, makao ya maharamia siku hizo. Na huko alimkuta nani? Robert Culliford, yule yule aliyemwibia merikebu zamani! Kama kweli Kidd alitumwa kuwakamata maharamia, huyu ndiye aliyetakiwa. Lakini watu wake zaidi ya 90 walimwacha wakahamia kwa Culliford. Adventure Galley ilikuwa imekwisha kuoza na kuvuja, nayo ikaishia hapo. Miaka minane ilikuwa imepita tangu alipoachwa mchangani Karibi, akaachwa mara ya pili na mtu yule yule.

Kidd alirudi Amerika akiwatumaini wakubwa waliomtuma. Wakubwa hao walikuwa wakijitafutia usalama wao wenyewe. Akakamatwa Boston mwaka 1699, akapelekwa London. Mwezi wa Mei, 1701, alisimamishwa barazani. Shtaka la kwanza halikuwa uharamia. Lilikuwa kumwua William Moore, mkuu wa mizinga. Kidd alijitetea kwamba Moore alitaka kuwachochea watu waasi, na kwamba alimpiga kwa hasira, si kwa kusudi. Waliosimama kumshuhudia walikuwa watu wa chombo chake mwenyewe, Bradinham na baharia Joseph Palmer. Ile hati ya Wafaransa aliyoitumaini haikuonekana. Ilipatikana katika makaratasi ya serikali zaidi ya miaka 200 baadaye. Akahukumiwa. Tarehe 23 Mei alinyongwa kando ya mto Thames. Kamba ya kwanza ilikatika, akapandishwa tena. Culliford hakunyongwa.

Mwaka 2007 wataalamu waliyatambua mabaki ya Quedagh Merchant chini ya maji, karibu na kisiwa cha Catalina katika Jamhuri ya Dominika. Mizinga yake ilikuwa imelala mahali pasipo na kina kirefu, karibu na pwani, mahali ambapo mvuvi wa Bangwe angeweza kuzamia.

MASWALI. Kwa nini watu wa Kannena waliweza kukataa, na watu wa Kidd hawakuweza? Moore alikosa katika jambo gani, na katika jambo gani alisema kweli? Kama ungalikuwa baharia katika Adventure Galley siku ile ya ndoo, nawe umeona yote, ungalifanya nini? Waulize wazee wa pwani yenu jinsi wanavyomchagua mkuu wa chombo, uandike majibu yao.