Ngozi nyeupe jichoni mwa paka

SWALI: Daktari, paka wetu tangu juzi ana ngozi nyeupe iliyofunika nusu ya jicho moja, na machozi yamtoka. Jirani asema ni mtoto wa jicho. Mwengine asema ni yale macho mekundu, niwaweke watoto mbali naye. Hiyo ngozi imetoka wapi, na mbona sisi hatuna?
Msomaji, Kibokoni, Mji wa Kale

JIBU: Mama, jirani zako wote wawili wamekosea, ila wewe umefanya vyema kutaja kwamba ni jicho moja.

Ngozi hiyo amezaliwa nayo. Ni kope ya tatu. Hukaa imejikunja pembeni mwa jicho, upande wa pua, na ndani yake mna gegedu na tezi inayotoa sehemu ya machozi. Paka mzima huioni, ila labda akisinzia barazani macho nusu wazi. Jicho likiuma, misuli hulivuta ndani, na kope hiyo huteleza yenyewe kulikinga. Basi la kutafuta ni kilichoiita. Likiwa jicho moja, mara nyingi ni mchanga, kijiti, au kucha ya paka mwenzake, na wanaogombania vichwa vya samaki hawaoneani huruma. Yakiwa yote mawili, shuku mwili mzima: minyoo, kuharisha, mafua ya paka.

Mtoto wa jicho ni lenzi iliyoingia ukungu, nyuma ya mboni. Haiji kutoka pembeni. Na macho mekundu yaliyotuenea Mombasa mwanzoni mwa 2024 tuliambukizana wenyewe kwa mikono na taulo. Paka hawana kosa. Hata hivyo watoto wanawe kwa sabuni wakimshika, maana baadhi ya vijidudu vya macho ya paka huweza, kwa nadra, kumpata mtu.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo. Atamtia tone la rangi linalong'aa kijani penye kidonda. Kabla ya hapo, mpanguse kwa pamba safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, basi. Usimtie chai, asali wala dawa ya macho iliyobaki kabatini. Zile zenye steroidi huweza kukizidisha kidonda mpaka jicho litoboke. Wala asitokee fundi wa kuikata ngozi hiyo: ikiondoka na tezi yake, jicho hukauka. Mfunge kwa taulo unapombeba. Akikuuma au kukuparura, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Kuhusu sisi: jitazame kwenye kioo. Kando ya kile kijinyama cha waridi pembeni mwa jicho pana kikunjo chembamba. Ndicho kilichosalia, na hakifungi kitu. Kunguru wa paa lako anayo kope ya tatu kamili. Mwangalie akidonoa, utaona cheupe kikipita jichoni kama pazia. Ngamia wa ufuoni Bamburi pia anayo, ya kupangusia mchanga, juu ya kope zake ndefu za safu mbili.

Sisi tumeachiwa kofia na miwani ya jua, na wavuvi wetu wengi hawavai hata kimoja. Ndiyo maana huota nyama ya jicho, kwa kawaida kuanzia pembe ile ile ya pua, kwa jua na upepo wa miaka. Hiyo si kope ya tatu. Ikianza kuelekea mboni, aliye nayo asingoje. Amuone daktari wa macho.