Kujikumbusha Hesabu Kabla ya Mtihani

Katika Tanzania wanafunzi wa Kidato cha Nne huingia katika mtihani wao wa taifa mwezi wa Novemba. Mtihani huo hutungwa na Baraza la Mitihani, lililoundwa kwa sheria mwaka 1973. Katika masomo yote, hesabu ndiyo inayowaangusha wengi. Kwa miaka mingi walioshindwa somo hili wamekuwa wengi kuliko waliofaulu. Hapo mlango wa uhandisi, wa uhasibu na wa kazi nyingine nyingi hufungwa mbele ya kijana. Kwa hiyo yatupasa kuwaeleza vijana, na wazazi na walimu wanaowatunza, jinsi ya kujikumbusha hesabu katika wiki zinazosalia.

Neno la kwanza ni hili: kusoma kwa macho hakutoshi. Kijana hufungua daftari, huitazama hesabu iliyofanywa na mwalimu ubaoni, kisha husema, "Hii naijua." Lakini aliyemtazama mjenzi hajajenga nyumba. Na alifunike jibu, ashike kalamu, aifanye hesabu mwenyewe toka mwanzo hata mwisho. Akiisha, alijaribu jibu lake. Maana hesabu ina jambo moja jema: mara nyingi yule yule aliyeifanya aweza kujua kama amepata au amekosa, bila kumngoja mwalimu. Tutazame mambo manne ambayo mengine mengi husimama juu yake.

1. Sehemu. Tukiulizwa nusu na theluthi ni ngapi, wengi hujumlisha namba za juu, kisha za chini, wakaandika 2/5. Tulijaribu jibu hilo. 2/5 ni ndogo kuliko nusu. Je, mtu aliye na nusu ya mkate akiongezewa kipande kingine, aweza kubaki na pungufu ya nusu? Haiwezekani. Basi tuzikate zote mbili katika vipande vilivyo sawa: nusu ni 3/6, theluthi ni 2/6, na jumla yake ni 5/6.

2. Mabano na alama ya kutoa. Tuchukue mlinganyo huu: 3 − 2(x − 4) = 5. Kosa lililo la kawaida ni kuandika 3 − 2x − 8 = 5, na kupata x = −5. Turudishe jibu hilo mahali pa x: 3 − 2(−9) ni 21, wala si 5. Basi kuna kosa. Alama ya kutoa iliyo mbele ya mabano hugeuza kila alama iliyo ndani: 3 − 2x + 8 = 5, yaani 11 − 2x = 5, na x = 3. Turudishe tena: 3 − 2(−1) ni 5. Jibu limesimama.

3. Asilimia. Kitambaa kimepunguzwa bei kwa asilimia 10, na sasa chauzwa shilingi 18,000. Bei ya kwanza ilikuwa ngapi? Wengi huongeza asilimia 10 ya 18,000 wakapata 19,800. Tulijaribu: asilimia 10 ya 19,800 ni 1,980, na tukiitoa hubaki 17,820. Haikubali. Sababu yake ni kwamba punguzo lilihesabiwa juu ya bei ya kwanza, si juu ya bei ya sasa. 18,000 ni asilimia 90 ya bei ya kwanza. Basi tugawanye kwa 90, tuzidishe kwa 100, tupate 20,000. Asilimia 10 yake ni 2,000, na tukiitoa hubaki 18,000.

4. Pembetatu yenye pembe mraba. Mafundi wa kujenga hupima futi 3 upande mmoja wa pembe ya nyumba, futi 4 upande wa pili, na kamba ya kukatiza ikiwa futi 5, wajua pembe imenyoka. Maana 9 na 16 ni 25. Kijana akumbuke kwamba ubavu ulioielekea pembe mraba ndio mrefu kupita zote. Akipata jibu linalopinga neno hili, na airudie kazi yake.

Katika mtihani hatua zote za kazi huonyeshwa wazi, wala si jibu peke yake. Kwa hiyo kijana asizoee kuruka hatua hata anapojisomea nyumbani. Tena awe na daftari dogo la makosa: kila kosa aliandike pamoja na sababu yake, na baada ya siku chache aifanye tena hesabu ile ile. Haba na haba hujaza kibaba. Saa moja kila siku yapita usiku mmoja wa kukesha.

Iko shida nyingine. Watoto wengi walijifunza hesabu kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha katika sekondari huulizwa kwa Kiingereza. Kuna anayejua kufanya hesabu, ila hajui ameulizwa nini. Huyu aandike maneno ya hesabu katika safu mbili, Kiingereza huku na Kiswahili huku, na kuyajifunza kama anavyojifunza hesabu zenyewe.

Nanyi wazazi, msiseme, "Sisi hatukusoma hesabu hizi, tutamsaidiaje?" Mwaweza kuuliza swali moja kila jioni: "Je, umelijaribu jibu lako? Nionyeshe." Mtoto akilieleza mbele yenu, kosa lake mara nyingi atalisikia mwenyewe. Wala asiachwe kusema kwamba hesabu hakupewa yeye. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Palipomshinda, na amwendee mwalimu.

Maswali ya kujipima:

(a) 3/4 − 2/3 ni ngapi?
(b) Tafuta x: 7 − 2(x − 5) = 3.
(c) Bei iliongezwa kwa asilimia 20, ikawa shilingi 30,000. Hapo kwanza ilikuwa ngapi?
(d) Ngazi ya futi 13 imeegemea ukuta ulionyoka, na mguu wake uko futi 5 kutoka ukutani. Yafika juu futi ngapi?

Majibu hatuyaandiki. Kila mmoja na ayajaribu yake.