Andagraundi: Hatua au Msimamo? Mgongano wa Dhana katika Hip Hop ya Tanzania

1.0 Utangulizi

Katika mijadala kuhusu muziki wa vijana nchini Tanzania, ni kawaida kuigawa hip hop katika pande mbili: ile ya mkondo mkuu, yaani inayopigwa redioni na kualikwa katika matamasha makubwa, na ile ya andagraundi. Mgawanyo huu umetoka Marekani pamoja na muziki wenyewe, na mara nyingi hutumiwa kana kwamba mipaka yake imebaki ileile. Makala haya yanadai kuwa haikubaki. Neno andagraundi lilipoingia katika Kiswahili lilibadilika maana, na mtafiti asiyeyazingatia mabadiliko hayo huipima vibaya hali ya hip hop ya leo.

2.0 Usuli

Rap ya Kiswahili ilianza kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1991 Saleh Jabir alivuma kwa kuweka maneno ya Kiswahili juu ya mapigo ya nyimbo za Kimarekani, na mwaka 1993 likaundwa kundi la Kwanza Unit. Wakati huo watu wengi waliuita muziki huu "wa kufokafoka". Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo binafsi, na Radio One ikaanza kurusha matangazo mwaka 1994. Katika nusu ya pili ya mwongo huo jina la Bongo Fleva likaenea, likijumuisha waimbaji na wachanaji kwa pamoja.

Ikumbukwe kuwa katika kipindi hicho wachanaji ndio waliokuwa mbele. Mr. II na Professor Jay walijenga majina yao kwa kusimulia maisha ya kijana wa mtaani, na wote wawili baadaye waliingia Bungeni: wa kwanza akiwakilisha Mbeya Mjini (2010-2020), wa pili Mikumi (2015-2020). Uimbaji wa mapenzi ndio uliokuja kuishika nafasi ya mbele baadaye. Kwa hiyo hip hop ya Tanzania haikuanzia pembeni, ilisogezwa pembeni.

3.0 Andagraundi kama hatua

Katika Kiingereza cha Marekani, neno hili hutaja uwanja au aina ya muziki. Katika Kiswahili cha mitaani limekuwa jina la mtu: andagraundi, wingi maandagraundi. Limefuata njia ya staa/mastaa na dereva/madereva: kiambishi cha wingi ni ma-, lakini upatanisho ni wa viumbe hai, kama katika "andagraundi huyu ametoa wimbo".

Ushahidi wa pili ni maneno yanayoandamana nalo. Husemwa "bado ni andagraundi" au "enzi zake akiwa andagraundi". Kielezi bado kinaonesha kuwa hali hiyo inatarajiwa kupita. Mtu akifanikiwa husemwa "ametoka", na aliyemsaidia ndiye "aliyemtoa". Sitiari ni moja: kuna chini, kuna mlango, na kila aliye chini anangoja kutoka.

Ushahidi wa tatu ni kinyume chake. Katika mazungumzo ya kawaida, kinyume cha andagraundi ni staa. Istilahi "mkondo mkuu" imebaki mikononi mwa wachambuzi. Jozi iliyokuwa ikilinganisha aina mbili za muziki imegeuka kuwa jozi inayolinganisha watu wa vidato viwili katika ngazi moja.

4.0 Msimamo uliokosa jina

Je, msanii asiyetaka kupanda ngazi hiyo aitweje? Hapa wachanaji wamelazimika kutumia maneno mengine. Wanajitenga kwa "hip hop ngumu" na "michano", na huwakejeli waimbaji kwa kuwaita "wabana pua", kejeli inayotokana na matamshi ya king'ong'o. Vigezo vyao si umaarufu, bali uzito wa mistari na ufundi wa vina.

Fid Q wa Mwanza ni mfano mzuri. Albamu yake ya kwanza aliiita "Vina Mwanzo Kati na Mwisho", jina linalotumia istilahi za arudhi. Yafaa kukumbuka kuwa katika miaka ya 1970 wanamapokeo na wanamabadiliko walizozana kuhusu ulazima wa vina na mizani katika ushairi wa Kiswahili. Leo mlinzi mmojawapo wa vina ni kijana anayechana, ambaye wengi wasingemtarajia upande huo. Hata hivyo, Fid Q ni msanii mashuhuri. Kwa maana ya hatua, yeye si andagraundi. Kwa maana ya msimamo, anaweza kuhesabiwa humo.

5.0 Hali ya sasa

Mambo mawili yameuzidisha mgongano huu. Kwanza, zamani mlango wa kutokea ulikuwa redio. Sasa msanii anaweza kuweka wimbo YouTube bila kumsubiri mtangazaji, na akapata wasikilizaji wake. Kigezo cha "kutoka" kimelegea, lakini neno limebaki.

Pili, imezoeleka kudhani kuwa ukosoaji wa jamii ni mali ya andagraundi. Matukio hayaungi mkono dhana hiyo. Machi 2017 Nay wa Mitego, msanii mwenye jina kubwa, alikamatwa kwa sababu ya wimbo "Wapo", kisha akaachiwa kwa agizo la Rais. Mwezi uliofuata Roma Mkatoliki, naye akiwa maarufu, alitekwa jijini Dar es Salaam na kupatikana baada ya siku kadhaa. Waliolipa gharama ya maneno yao katika matukio hayo walikuwa watu waliokwisha "kutoka".

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa andagraundi ya Kiswahili ni hatua kabla ya kuwa msimamo. Kwa hiyo inapendekezwa kuwa uchambuzi utenganishe maswali matatu: msanii yuko katika hatua gani ya kazi yake, kazi yake inasambazwa kwa njia ipi, na anasimamia nini. Neno "chipukizi" latosha kwa swali la kwanza.

Suala hili si la istilahi pekee. Mkusanyaji wa matini anayeamini kuwa andagraundi ni mtu ambaye hajaiva atangoja aive ndipo anukuu mistari yake. Baadhi ya wachanaji hawatatoka kamwe, wengine kwa hiari yao. Nyimbo zao zisiporekodiwa na kuhifadhiwa sasa, historia ya ushairi wa Kiswahili wa miongo hii itaandikwa kwa kutegemea yale tu yaliyopigwa redioni.