Mafuta Yanakoishia: Fundi Awajibu Wenye Magari

Barua zilizonifikia ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa, nami nimechagua zile zilizoniudhi na zile zilizonitia hofu, nikaziacha zinazouliza kama ni lazima kubadilisha oili kwa wakati wake au kusafisha kichujio cha hewa, kwa kuwa mwenye kuuliza hayo jibu analo tayari, ila anatafuta mtu wa kumruhusu asifanye.

*Shikamoo Mzee. Fundi wangu aliitoa themostati akaitupa, akisema kifaa hicho kimewekwa kwa ajili ya nchi za baridi. Tangu siku ile gari halichemshi, lakini naona linakunywa mafuta zaidi. Je, mambo haya mawili yana uhusiano? (Tanga, na wengine wa Mombasa, Morogoro na Mbeya)*

Marahaba. Yana uhusiano, tena wa karibu mno. Na kwa kuwa uzushi huu umefika hata Mbeya, ambako asubuhi ya mwezi wa Juni mtu hatoki bila koti, nitaujibu kwa urefu, na asiyependa urefu na aruke.

Themostati ni mlango mdogo ulio baina ya injini na rejeta. Ndani yake mna nta, ambayo maji ya injini yafikapo nyuzi 82 au 88 hivi, kwa kadiri alivyopanga mtengenezaji, huyeyuka na kutanuka, ikausukuma mlango ukafunguka ili maji yaende kwenye rejeta yakapoe. Na yakishapoa kupita kiasi nta hunywea, mlango ukajifunga. Kazi yake, basi, si kuipasha injini moto kwa sababu Ulaya kuna theluji, bali ni kuidumisha katika joto lile lile moja, iwe iko London au Lindi. Na wewe unayedai kwamba jua la kwetu latosha, hebu fanya hesabu: mchana wa Dar es Salaam una nyuzi 32, injini yataka nyuzi 90 hivi, na zilizobaki ni nyuzi 58, ambazo hutazipata juani hata katika kiangazi kikali. Jamaa zetu walioko Maskati huendesha magari haya haya katika joto lipitalo nyuzi 40, na themostati zimo ndani, kwa kuwa kiwanda hakikuziweka kwa ajili ya hali ya hewa.

Sasa tuje kwenye mafuta yako. Petroli haigeuki mvuke vyema ndani ya injini iliyo baridi. Kwa hiyo kompyuta ya gari, ikipata habari kutoka kwa sensa kwamba maji hayajapata moto, huziamuru nozeli zimwage mafuta zaidi, kama zifanyavyo kila alfajiri gari linapowashwa. Gari lenye themostati hutoka katika hali hiyo baada ya dakika chache. Lililonyang'anywa laweza kubaki alfajiri safari nzima, hasa likienda kwa kasi barabara kuu huku upepo ukiipuliza rejeta. Oili nayo, kwa kukosa joto lake, hukaa nzito, na injini ikatumia sehemu ya nguvu zake kuikoroga. Juu ya hasara hizo mbili huja dhara la tatu, ambalo halionekani kwenye sheli bali kwenye gereji: petroli isiyoungua hupenya pembeni mwa pistoni, ikaingia katika oili na kuifanya nyepesi isipotakiwa, na vyuma vikalika.

Nami sijafika bado kwenye kiini cha udhia wangu. Fundi haitoi themostati kwa kupenda. Huitoa kwa sababu gari lilikuwa likichemsha, na gari huchemsha kwa sababu rejeta imeziba, au feni imekufa, au kifuniko cha rejeta kimelegea na hakishiki tena mgandamizo ule unaoyafanya maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100, au kwa sababu mwenye gari amekuwa akitia maji ya kisima, ambayo kwetu pwani aghalabu yana chumvi, nayo yameijengea rejeta ukoko ndani mwake. Maradhi hayo yote yamo bado. Kilichoondolewa ni kifaa kisicho na hatia. Tena ziko injini, na za Toyota nyingi ni miongoni mwao, ambazo themostati ikifunguka huziba wakati huo huo njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini bila ya kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, sehemu ya maji huzunguka yakiwa na moto wake, na gari likaja kuchemsha vibaya zaidi siku litakapokwama katika foleni ya adhuhuri huku limepakia watu na mizigo. Ndugu yangu wa Tanga asifurahi mapema.

Nunua themostati ya injini yako, ambayo aghalabu bei yake haifiki nusu tangi ya petroli, zibua rejeta au ibadilishe, tia kuulanti, hakikisha feni inazunguka. Na fundi aliyeitupa ile ya kwanza mwambie airudishe mpya mbele ya macho yako.

*Nimeuziwa sumaku ya kufunga kwenye bomba la petroli. Mwenzangu kauziwa vidonge vya kutia tangini, na wa tatu chupa ya kugeuza maji kuwa gesi ya kuendeshea gari. Kipi bora?*

Hakuna. Idara ya mazingira ya serikali ya Marekani imekwisha kuvichunguza vifaa zaidi ya 100 vya namna hii, isipate hata kimoja chenye kupunguza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Na hiyo chupa ya maji yapata umeme wake kutoka kwa alteneta, ambayo huzungushwa na injini, ambayo hunywa petroli ile ile uliyokusudia kuiokoa.

*Shikamoo Mzee. Mimi ni tandiboi. Dereva wangu huweka gia huru tukiteremka Kitonga na Sekenke, asema anaokoa dizeli. Ni kweli?*

Mwanangu, shuka katika lori hilo.

Zama za kabureta neno hilo lilikuwa na chembe ya ukweli, kwa sababu injini ikivutwa na mteremko iliendelea kufyonza petroli kidogo hata mguu ukiwa umeinuliwa. Injini za leo hazifanyi hivyo. Ukiteremka ukiwa ndani ya gia na mguu umeuondoa kwenye mafuta, mtambo huzifunga nozeli, na injini huzungushwa na magurudumu pasi na kupewa tone. Lakini ukiweka gia huru, magurudumu hayaizungushi tena, nayo, ili isizimike, hulazimika kupewa mafuta ya kuiweka hai. Yaani dereva wako anatumia dizeli ambayo angaliiacha, na juu ya hayo amejinyima breki ya injini, akazibebesha breki za magurudumu mzigo wote wa tani nyingi, nazo zikipata moto kupita kiasi hukanyagwa zisishike. Pale Salgaa, baina ya Nakuru na Eldoret, desturi hii imezika watu wengi, hata Serikali ya Kenya ikalazimika kuitenganisha njia ya kupanda na ya kuteremka. Mwenye lori ambaye huwapa madereva wake mafuta pungufu, akawaachia wafidie wanavyojua, ni mshirika katika damu hiyo, na laiti barua hii ingaliandikwa na yeye.

*Nishauriwe: nikitoa masega kwenye egzosi gari litapumua vizuri na kupunguza mafuta?*

Litapumua juu ya watoto wa jirani, kwa kuwa masega ndiyo yanayosafisha moshi. Masega yaliyo mazima hayaizuii injini kwa kiasi cha kukuhangaisha. Yaliyoziba huizuia kweli, lakini aghalabu yameziba kwa sababu injini inaunguza oili au plagi hazichomi sawasawa, na hayo ndiyo ya kutibiwa. Jiulize pia kwa nini fundi anayeyatoa hayakurudishii: ndani yake mna platini, paladi na rodi, madini ya thamani yenye wanunuzi wake mjini. Umelipa ujira ili uibiwe.

*Ni kweli kwamba petroli inunuliwe alfajiri, kabla haijatanuka kwa joto?*

Petroli hutanuka kwa takriban sehemu moja katika 1,000 kwa kila nyuzi moja ya joto. Lakini matangi ya sheli yamefukiwa ardhini, ambako adhuhuri na alfajiri hazina tofauti kubwa. Lala usingizi wako. Ukiwa na hofu ya kuibiwa, iangalie mashine ianzie sifuri, na uogope zaidi uchakachuaji, ambao kwa ajili yake Tanzania ilianza kuyatia mafuta alama mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikaupandisha ushuru wa mafuta ya taa ili uchanganyaji usiwe na faida.

*Madirisha wazi au kiyoyozi?*

Mjini fungua madirisha. Barabara kuu yafunge.

*Karatasi ya Japani yasema gari langu huenda kilomita 20 kwa lita. Mimi napata 12. Nimeibiwa?*

Hukuibiwa, umesoma karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya ulimwengu mwingine. Katika jaribio la zamani la Wajapani gari lilizungusha magurudumu juu ya mitambo ndani ya chumba, wala halikuvuka kilomita 70 kwa saa. Halikuwa na keria juu, wala matuta, wala shemeji na magunia yake ya mkaa. Upinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, hivyo anayetoka kilomita 80 kwa saa akaenda 110 huongeza upinzani huo karibu mara mbili. Punguza mwendo, shusha keria, na jaza matairi upepo ulioandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Si ule aukisiao kijana wa pancha kwa kulipiga tairi teke.

*Barua nyingi juu ya gesi asilia: Je, itaripuka? Je, yapunguza nguvu? Je, ni safi kweli? Je, naweza kutumia mtungi wa jikoni?*

Nianze na la mwisho, kwa kuwa lina mauti ndani yake. Haiwezekani, wala msijaribu, wala msimruhusu dereva wa bajaji anayewabeba ajaribu. Gesi ya magari hushindiliwa kwa mgandamizo wa angahewa 200 hivi, ukaribiao mara 100 ya upepo ulio katika tairi la gari dogo, nao mtungi wa jikoni haukuumbwa kuustahimili hata kidogo. Tena hizo ni gesi mbili tofauti: ile ya jikoni ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni ikingoja cheche, ile ya magari, itokayo Songo Songo na Mnazi Bay, ni nyepesi, ikivuja mahali pa wazi hupaa. Mtungi halisi wa gari, ukifungwa na watu wenye ujuzi, kama wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na ukapimwa kila muda wake unapotimia, haunitii hofu. Ufungwao uchochoroni wanitia.

Nguvu hupungua kidogo, utaiona milimani. Ama usafi, gesi hiyo hutoa hewa ya ukaa pungufu kwa takriban robo kuliko petroli kwa nishati iliyo sawa, ila ikivuja bila ya kuungua huipasha dunia joto kwa ukali zaidi kuliko moshi wenyewe; kwa hiyo bomba linalovuja hufuta sifa yote. Na gari bovu litakuwa bovu kwa gesi vile vile.

*Pikipiki za umeme si ulaghai tu? Umeme wenyewe si huzalishwa kwa kuchoma mafuta?*

Si kwetu. Kenya yapata umeme wake mwingi kutoka kwenye mvuke wa ardhi wa Olkaria, maji na upepo. Tanzania ina bwawa la Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, pamoja na gesi yake. Na hata ungetoka katika gesi tupu, mota ya umeme hugeuza zaidi ya sehemu nne katika tano za nishati yake kuwa mwendo, ilhali injini ya petroli hupata robo au theluthi na kilichobaki kikaenda kuwa joto. Jijini Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya haisajiliwi kubeba abiria isipokuwa iwe ya umeme. Bodaboda anayetembea kutwa ndiye afaaye kuanza. Mwenye pikipiki ya kwendea msikitini Ijumaa asihangaike.

*Nakaa Kimara, nafanya kazi Posta, na kila mwezi nasafiri Dodoma kwa gari langu peke yangu. Ninunue gari gani lenye kutumia mafuta kidogo?*

Usinunue. Lita moja ya petroli, ijapokuwa haifiki uzito wa kilo moja, hutoa kilo 2.3 za hewa ya ukaa, kwa kuwa kaboni yake huungana na oksijeni iliyomo hewani. Hivyo kwenda Dodoma tu, kilomita 450 hivi, kwa gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita, ni zaidi ya kilo 100, kwa mtu mmoja na begi lake. Treni ya umeme yafika huko tangu mwaka 2024, na pale Kimara mwendokasi unapita tangu mwaka 2016. Basi refu la mwendokasi, tuseme linakula mafuta ya magari madogo matano au sita. Limebeba watu zaidi ya 100. Najua utaniambia juu ya msongamano na kungoja kituoni, na malalamiko hayo ni ya haki kabisa, nayo wapelekewe wenye mamlaka kila siku mpaka wachoke. Lakini wenye magari ambao hawajapata kulipanda hawatalalamika, na wasiolalamika hawaletewi mabasi.

*Gari langu linakula mafuta sana. Tatizo nini?*

Swali hili limo katika barua zaidi ya nusu, na halina jibu. Jaza tangi mpaka mashine ijifunge yenyewe, andika kilomita. Tembea mpaka tangi lipungue zaidi ya nusu, jaza tena katika mashine ile ile, kisha gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita ulizotia, na fanya hivyo mara tatu, kwa kuwa mara moja hudanganya. Atakayeniandikia mwezi ujao na aniletee hesabu hiyo, aina ya injini, na kama themostati imo. Barua isiyokuwa na hayo sitaijibu.